Papa hana mfupa: umbo la papa wa kale linajulikanaje?

Mwalimu wa Pwani:

Ndugu wanajukwaa, ninafundisha bayolojia kidato cha tatu. Wiki iliyopita nilinunua kichwa cha papa sokoni ili nipate taya la kuonyesha darasani, nikakiweka jikoni kichemke, kisha nikakisahau. Niliporudi nilikuta fuvu limelainika na kuachana, na kitu kigumu kilichobaki chini ya sufuria kilikuwa meno peke yake. Niliwapelekea wanafunzi meno hayo pamoja na kisa chake, na mmoja wao akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: ikiwa saa mbili za jikoni zinatosha kumaliza kiunzi cha papa, hao wanaochora papa wa mamilioni ya miaka iliyopita wamemwona wapi? Alikuwa na mchoro kwenye simu ya kaka yake, wa samaki mwenye msumeno wa duara katikati ya taya la chini. Naomba mwenye elimu ya visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa kwenye miamba, anieleze kama samaki huyo alikuwepo kweli, na kama alikuwepo, ni sehemu ipi ya mchoro iliyotoka kwenye jiwe na ipi iliyotoka kwenye mkono wa mchoraji.

Mgonga Miamba:

Mwalimu, pole kwa taya lako. Siku nyingine litumbukize katika maji ya moto kwa dakika chache tu, ulipare nyama kwa kisu, kisha ulianike kivulini likiwa limetanuliwa kwa kijiti.

Samaki wa kwenye simu alikuwepo. Anaitwa Helicoprion, na aliishi baharini katika kipindi cha Permi, kati ya miaka milioni 290 na 270 hivi iliyopita. Mwanajiolojia wa Urusi, Alexander Karpinsky, ndiye aliyempa jina mwaka 1899 kutokana na visukuku vya eneo la Milima ya Ural. Alichokuwa nacho mezani ni msokoto wa meno, uliojikunja mithili ya gamba la konokono lililopasuliwa katikati, meno madogo yakiwa ndani na makubwa nje. Hapakuwa na taya, fuvu wala pezi. Karpinsky aliuweka msokoto huo kwenye pua, ukipinda kuelekea juu. Baadaye ukahamishiwa kwenye pezi la mgongoni, ukapelekwa mkiani, ukarudishwa mdomoni, na kila aliyeuhamisha alikuwa na hoja zake. Kwa miaka mingi, basi, shaka ya mwanafunzi wako ilikuwa ya haki kabisa.

Kilichobadilisha mambo ni jiwe lililotoka katika machimbo ya fosfeti ya Idaho, Marekani. Jiwe hilo lilipatikana mwaka 1950, na mtaalamu wa Denmark, Svend Erik Bendix-Almgreen, alilieleza katika maandishi yake ya mwaka 1966. Lina meno 117 katika msokoto wenye kipenyo cha sentimita 23, na pembeni mwa meno kuna gegedu la taya, yaani ile tishu inayokaa mahali pa mfupa katika mwili wa papa. Hapa ndipo sufuria yako inapohusika. Gegedu la papa si laini lote: juu yake kuna ngozi ya vigae vidogo sana vya madini ya kalisi, vilivyopangwa mithili ya vigae vya sakafu. Ndani ya gegedu huoza upesi, lakini vigae hivyo, samaki akifukiwa mapema na matope yasiyo na hewa, vinaweza kubaki na kuonyesha mipaka ya taya zima. Katika jiwe la Idaho gegedu lilikuwa limebanwa na kusagika, kiasi kwamba anayechonga kwa patasi angeliharibu. Ndiyo maana timu ya Leif Tapanila iliyachapisha majibu mwaka 2013 tu, baada ya kulipiga jiwe picha za eksirei tabaka kwa tabaka na kuziunganisha kwenye kompyuta.

Waliyoyaona ni haya. Msokoto ulijaza taya la chini kwa urefu wake wote, katikati, na taya la juu halikuwa na meno. Meno mapya yaliota nyuma, yakasukuma ya zamani mbele na chini, na hayo ya zamani yakajikunja na kuingia ndani ya taya badala ya kudondoka. Taya lilipofunga, meno yalikuwa yakienda nyuma na kukata mawindo kwa namna ambayo msumeno unakata ubao. Kwa kuwa meno hayo hayana mikwaruzo mingi, inaelekea chakula chake kilikuwa laini, cha jamii ya ngisi na jamaa zao. Tena, jinsi taya la juu lilivyoungana na fuvu inamweka karibu zaidi na wale samaki wa kilindini waitwao kimera, wanaohusiana na papa kwa mbali. Kumwita papa ni mazoea tu.

Sasa kuhusu mkono wa mchoraji: mpaka leo hakuna aliyeupata mwili wa Helicoprion. Kuanzia nyuma ya kichwa hadi mkiani, mchoro wowote unaouona umeazima mwili kutoka kwa jamaa zake ambao visukuku vyao vina mapezi. Si uongo, lakini mchoraji angefanya uungwana kuandika hivyo pembeni.

Bint Jahazi:

Ninakubaliana na ndugu Mgonga Miamba kuhusu Helicoprion, ila naona ameacha msomaji na dhana kwamba bila gegedu hatuna kitu. Kwanza, papa wazima wapo. Katika miamba myeusi ya Cleveland, jimboni Ohio, amepatikana Cladoselache, papa wa miaka milioni 360 hivi iliyopita, akiwa na umbo la mapezi yake na hata alama za misuli. Baadhi yao bado wana samaki tumboni, na wengi wa samaki hao wamemezwa kwa kutanguliza mkia, jambo linalotuambia kwamba aliwafukuza kwa nyuma akawashinda mbio. Matope ya bahari ile hayakuwa na oksijeni ya kutosha kwa walao mizoga, na hiyo ndiyo siri yote.

Pili, jino lenyewe lina maelezo mengi kuliko watu wanavyodhani. Megalodoni, yule papa mkubwa aliyetoweka miaka milioni 3.6 hivi iliyopita, anajulikana hasa kwa meno, kwa sababu papa mmoja hudondosha maelfu ya meno maishani mwake na gamba la nje la jino ni gumu mno. Kemia ya meno hayo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023, ilionyesha kwamba mwili wake ulikuwa na joto la takriban nyuzi 7 zaidi ya maji aliyoogelea. Hilo halikupatikana kwenye taya wala kwenye pezi.

Panapoleta ugomvi ni urefu. Mwaka 1996 kundi la Michael Gottfried lilimpima kwa kumlinganisha na papa mweupe mkubwa, likapata karibu mita 16. Ubelgiji kuna pingili 141 za uti wa mgongo wa mnyama mmoja, zinazotunzwa Brussels, na pingili za papa zina miduara ya ukuaji inayohesabiwa kama ya shina la mti. Mwaka 2021 Kenshu Shimada na wenzake walihesabu miduara 46, wakakadiria kwamba papa huyo alikufa akiwa na mita 9 na ushei, na kwamba alizaliwa akiwa na mita 2 hivi. Kisha mwaka 2025 ukaja utafiti unaosema huenda wakubwa wao walifikia mita 24, kwa hoja kwamba walikuwa wembamba kuliko papa mweupe. Mimi binafsi naona hoja ya wembamba ina nguvu kuliko namba hiyo, kwa kuwa namba imetoka kwenye pingili kubwa zilizokutwa peke yake, mbali na mwili wowote.

Mwalimu wa Pwani:

Nawashukuru nyote wawili. Kwa idhini yenu niongeze swali dogo. Wanafunzi wa huku wanamfahamu silikanti, yule samaki wa kale, na wameshaanza kuuliza: kama huyo alidhaniwa ametoweka na kumbe yupo, kwa nini megalodoni naye asiwepo?

Mzee wa Jarife:

Mwanangu, hilo acha nilijibu mimi, maana nimetega jarife la papa kwa miaka mingi na nimemwona silikanti akitolewa humo. Ni mzito, ana magamba magumu, na mapezi yake yana shina la nyama unaloweza kulishika kwa mkono. Hapa kwetu Tanzania wa kwanza kuripotiwa alinaswa Songo Mnara mwaka 2003, na kuanzia mwaka uliofuata wakanaswa wengi Tanga, mara nyingi katika nyavu hizo hizo za papa zilizoshushwa kina kirefu. Hifadhi ya bahari inayobeba jina lake ilianzishwa Tanga mwaka 2009.

Louis Agassiz alilipa kundi hili jina mwaka 1839 kutokana na visukuku, na visukuku vyake vinakoma miaka milioni 66 hivi iliyopita. Wa kwanza aliye hai kutambuliwa na wataalamu alivuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Lakini huyu ni samaki anayelala mchana katika mapango ya miamba, mahali penye mashapo haba, na hadondoshi maelfu ya meno kama papa. Anaweza kuishi vizazi na vizazi bila kuacha alama yoyote kwenye jiwe. Megalodoni alikuwa kinyume chake: aliishi karibu na pwani za bahari nyingi duniani na kila alipopita aliacha meno. Kama angekuwepo, meno mapya yangekuwa yanapandishwa na nyavu zetu leo, yakiwa meupe, si ya rangi ya kahawa na kijivu yaliyokwisha kuwa jiwe.

Mwalimu wa Pwani:

Shikamoo mzee, na ahsante. Leo asubuhi nimeyapanga meno ya sufuriani juu ya karatasi nyeupe, yakawa 93. Kati yake, 31 yana mizizi laini na ncha zisizo na mkwaruzo wowote. Nadhani ni yale ya safu za nyuma yaliyokuwa yanangoja zamu. Nitawapa wanafunzi wayatenganishe wenyewe kabla sijawaambia chochote kuhusu Helicoprion.