Mama mzee na vijana Palm Springs mwezi Desemba: twende wapi, tuache wapi?

BintiPangani aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Tunaishi San Diego, na mwishoni mwa Desemba familia yetu itakwenda kupumzika Palm Springs, mji wa jangwani ulioko kusini mwa California. Mama yangu amekuja kutoka Tanga. Amepita miaka sabini, macho yake bado yanaona mbali na bado anapenda kuuliza habari za kila mti anaoupita, lakini magoti yanamsumbua na ana presha. Watoto wangu wawili, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa miaka 17, wanataka kupanda kila jiwe lililo mbele yao, na mkubwa ameshatangaza kwamba atafika kilele cha mlima San Jacinto.

Orodha niliyoikusanya ni ndefu: gari la kebo linalopanda mlimani, makorongo yenye miti ya mwitu ya jamii ya mitende, Hifadhi ya Taifa ya Joshua Tree, bustani ya wanyama ya The Living Desert iliyoko Palm Desert, na ziwa la chumvi liitwalo Salton Sea. Sitaki mama abaki hotelini peke yake huku sisi tukizunguka, kwa sababu safari hii tumeipanga kwa ajili yake, wala sitaki watoto washinde ndani ya gari. Kwa anayelifahamu eneo hilo, ni wapi panatufaa sote, ni wapi tugawanyike, na ni kipi tukiache?

MkaaziWaRiverside alijibu:

Dada, tafadhali mfikishie mama shikamoo yangu. Desemba mmeichagua vyema. Wakati wa kiangazi joto la mji huo hupita nyuzi 43 mara kwa mara, na tarehe 5 Julai 2024 lilifika nyuzi 51.1, kiwango ambacho hakijawahi kupimwa hapo kabla. Njia za miguu ambazo ninyi mtazipita kwa raha huua watu katika miezi hiyo.

Kuna jambo moja la kupangia ratiba ambalo wageni wengi hulikuta wakiwa tayari wamefika. Mji umekaa chini kabisa ya ukuta wa mashariki wa mlima San Jacinto, kwa hiyo jua la majira ya baridi hujificha nyuma ya mlima mapema alasiri, na kivuli hufunika mitaa muda mrefu kabla ya magharibi. Mambo ya nje yafanyeni asubuhi, na alasiri mwacheni mama apumzike.

Gari la kebo ni la familia nzima, na ndilo ningelianza nalo. Lilifunguliwa mwaka 1963, na magari yanayotumika sasa huzunguka polepole yanapopanda, hivyo mama hatalazimika kugombania dirisha. Kwa muda wa dakika kumi hivi mtatoka mita 806 juu ya usawa wa bahari hadi mita 2,596, kutoka kwenye mimea ya miiba hadi kwenye msitu wa misonobari ambao Desemba huenda ukawa na theluji. Kimo hicho hakiko mbali sana na kile cha kituo cha Mandara kwenye njia ya Marangu ya Kilimanjaro, ila anayekwenda Mandara hupanda kwa miguu saa kadhaa, na mwili wake hupata nafasi ya kuzoea. Juu huko hewa inaweza kuwa na baridi zaidi ya nyuzi 17 kuliko chini, kwa hiyo kila mtu abebe koti zito hata kama mjini mmevaa mikono mifupi. Tikiti zinunueni mapema kwa sababu wiki ya Krismasi watu ni wengi sana.

Kuhusu kijana na kilele, ningemkatalia bila kusitasita. San Jacinto una mita 3,302, na kutoka kituo cha juu njia ya kwenda na kurudi ni takriban kilomita 18. Wakati wa baridi njia hiyo hufunikwa na theluji inayoganda ikawa barafu, na hata wapandaji wenye viatu vya meno ya chuma wamewahi kuteleza na kufa. Kuna njia fupi zinazoanzia nyuma ya kituo, katika bonde la Long Valley, na mojawapo huzungukia sehemu ambazo jangwa lote linaonekana chini. Hiyo inamtosha, maadamu njia haina barafu.

MsafiriWaJangwa alijibu:

Nakubaliana na ndugu wa Riverside kuhusu mlima, ila mimi ningeiacha bustani ya wanyama. Ni bustani nzuri inayoshughulika na wanyama wa majangwani, na kondoo wa milimani wenye pembe kubwa wanaonekana vizuri huko, lakini sehemu yake kubwa ni twiga na wanyama wengine wa Afrika. Mama ametoka Tanga, na twiga wako karibu naye kuliko walivyo karibu na watu wa California. Siku hiyo ipelekeni Joshua Tree.

Najua mtasema kwamba hifadhi hiyo ni kubwa mno kwa mtu mwenye magoti mabovu. Ni kubwa kweli, ina zaidi ya kilomita za mraba 3,200, lakini barabara ya lami inaipasua yote, na vitu vyake bora viko hatua chache kutoka mahali pa kuegesha gari. Ingieni kwa lango la magharibi asubuhi na mtoke kwa lango la kusini la Cottonwood, ambalo linawafikisha kwenye barabara kuu ya kurudi mjini. Mkipita hivyo mtavuka majangwa mawili. Upande wa magharibi ni Mojave, ulioinuka na wenye baridi, ambako inaota miti ya ajabu iliyoipa hifadhi jina lake. Mkiteremka kuelekea bonde la Pinto miti hiyo inakoma, kwa kuwa mmeingia katika jangwa la Colorado lililo chini zaidi na lenye joto zaidi. Mwonyesheni mama mpaka huo, maana anayependa miti atauona hata akiwa amekaa garini.

Mahali pa kusimama ni Keys View, penye kijia kifupi cha lami, ambapo bonde zima la Coachella, lile lenye Palm Springs, linaonekana pamoja na mstari wa San Andreas, ule ufa mkubwa wa ardhi unaoleta matetemeko. Watoto wapelekeni Hidden Valley wakahangaike na miamba. Njia yake ya kuzunguka ni takriban kilomita 1.6, na kando yake mtawaona wapandaji wa kamba. Kisha simameni kwenye bustani ya asili ya dungusi aina ya cholla, ambapo njia ni tambarare. Miiba yake hushika nguo na ngozi kwa kugusa tu, kwa hiyo mkono wa mdogo ushikeni, na mbebe kitana cha kung'olea kipande kitakachonasa.

Maji mchukue kutoka mjini, si chini ya lita nne kwa kila mtu kwa siku kama hifadhi inavyoshauri, kwa sababu sehemu kubwa ya ndani haina bomba wala duka. Mtandao wa simu nao hupotea mara tu mnapoingia, hivyo pakueni ramani kabla.

MwanaWaMuscat alijibu:

Naomba niongeze jambo ambalo halimo kwenye orodha yenu, nalo ni tende. Nimekulia Muscat katika nyumba ya Kiswahili, na mara ya kwanza nilipoendesha gari kutoka Palm Springs kuelekea miji ya Indio na Thermal nilistaajabu kuona mashamba ya mitende yaliyopandwa kwa safu zilizonyooka, milima mikavu ikiwa nyuma yake. Sehemu kubwa ya tende zinazolimwa Marekani hutoka bonde hilo la Coachella. Tende za aina ya medjool zilifika nchini humo mwaka 1927 kama machipukizi kumi na moja kutoka Morocco, ambako ugonjwa ulikuwa ukiua mitende. Yaliwekwa karantini Nevada, yakasalia tisa, na uzao wake ukaletwa Indio mwaka 1936. Kuna hata mji mdogo uitwao Mecca katika bonde hilo hilo.

Desemba mavuno yanakuwa yamekwisha au yako mwishoni, na maduka ya mashambani yamejaa aina ambazo hamtazipata San Diego kwa urahisi: barhi, deglet noor, halawi, khadrawi. Mwacheni mama aonje kila moja bila kuharakishwa. Akiwa ni mtu wa Pwani aliyefungua saumu kwa tende maisha yake yote, nadhani atafurahi pale kuliko mahali pengine popote.

Salton Sea iko mbele kidogo ya mashamba hayo. Ilitokea kati ya 1905 na 1907, mto Colorado ulipovunja mfereji wa umwagiliaji na kumwagikia bondeni, mita zaidi ya sabini chini ya usawa wa bahari. Haina mto unaoitoa maji, hivyo chumvi imezidi ile ya bahari, na sehemu za ufukwe ni mifupa ya samaki na magamba matupu. Samaki waliokuwa wamezagaa humo ni perege, mchanganyiko wa perege wa Msumbiji na wale wa mto Wami, yaani wameanzia karibu kabisa na kwenu. Hata hivyo vumbi na harufu ya ziwa hilo si vyema kwa mzee, kwa hiyo mimi ningeliacha.

BintiPangani alijibu:

Nawashukuru sana. Mama amesomewa majibu yote, na la tende limempendeza mno. Salton Sea tumeifuta na kijana amekubali kuachana na kilele, ingawa kwa shingo upande. Yamebaki makorongo: je, mama anaweza kuingia? Na presha yake itavumilia kule juu?

MkaaziWaRiverside alijibu:

Kuhusu presha, muulizeni daktari wake kabla ya safari. Mkifika juu akae kwanza ndani ya kituo, ambamo kuna mkahawa na madirisha makubwa. Akisikia kizunguzungu au kichwa kumuuma, shukeni naye mara moja. Magari hushuka takriban kila nusu saa.

Makorongo ni ardhi ya Wacahuilla wa Agua Caliente, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na kiingilio mnawalipa wao wenyewe. Korongo la Tahquitz lina maporomoko ya maji ya mita 18 hivi, lakini njia ina ngazi ndefu za mawe, kwa hiyo baba awapeleke watoto asubuhi. Wewe na mama nendeni korongo la Andreas. Miti iliyosimama kando ya kijito chake ndiyo aina pekee ya jamii ya mitende iliyo asili ya magharibi mwa Marekani. Majani yake yamekunjuka kama ya mvumo, na yale makavu hayaanguki, bali huning'inia kuuzunguka shina hadi karibu na ardhi. Maji hupita karibu na maegesho na pana meza za kukaa, hivyo mama hatalazimika kwenda mbali. Mwombe askari wa korongo awaonyeshe vinu vilivyochimbika kwenye mwamba, ambavyo wanawake wa Kicahuilla walivitumia kutwangia mbegu. Nyuma ya hapo njia huwa nyembamba na yenye mawe. Hiyo msiifuate pamoja naye.