Wakuu naomba ushauri: mbolea gani ya kupandia parachichi mlimani Kasulu?

MwanaMalagarasi (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wakuu. Nimepata shamba ekari 4 huku Kasulu, juu kabisa mlimani, mvua ya uhakika, upepo mwanana. Nataka kupanda parachichi za Hass. Udongo ni wa volkano, mwenyeji kanithibitishia. Swali langu ni moja tu: nipandie mbolea ya DAP au ya Minjingu? Naomba wenye uzoefu, sio wa kejeli. Wiki nzima sijalala.

Dagaa_Kavu
Mtu wa kukosa usingizi kwa sababu ya DAP ndo namwona leo. Hapo kuna kitu.

BibiMgebuka
Mwanangu, achana na parachichi, panda kahawa. Marehemu mzee wangu alianza na mibuni 300 kule Manyovu, watoto wanne wamesoma kwa kahawa ile ile. Tulikuwa tunaianika kwenye chekeche, mvua ikinyesha usiku nyumba nzima inaamka kukimbiza kahawa ndani, hata mgeni hasazwi. Leo wakija likizo hawashiki hata kikapu, wanapiga picha tu na mibuni.

Sururu_Butu
Minjingu. Ile ni fosfeti ya mwamba, kwenye udongo wenye asidi inayeyuka vizuri, na kalsiamu imo humo humo. DAP inazidi kuuchachusha udongo. Ila mbolea ni swali la tatu. La kwanza, umepima pH, yaani kiwango cha asidi ya udongo? La pili, umechimba ukafika wapi?

MwanaMalagarasi
Asante mkuu. Sijapima. Lakini volkano si ni volkano? Nimeangalia video za Rungwe, udongo mweusi tii, parachichi zimebeba mpaka matawi yanawekewa nguzo. Na huku kwangu mihogo ya jirani imestawi, mananasi usiseme.

Sururu_Butu
Mihogo, mananasi na chai ndo mimea inayovumilia asidi. Hiyo ni sawa na kusema mgonjwa kapona kwa kuwa anakunywa uji. Maharage je? Na nimeuliza umechimba ukafika wapi, umepita kama hujaona.

MwanaMalagarasi
Maharage hawalimi. Wanasema yanageuka njano yakiwa na majani matatu. Nikajua ni uvivu.

MzeeKijiti
Vijana mnataka utajiri wa video. Sisi tulikuwa tunanusa udongo, tunauonja. Yakiota yale majani ya mlimani yanayochipua yamejikunja kama ngumi, hapo baba alikuwa anageuza njia na jembe begani. Na shamba la kijijini lazima lipite halmashauri ya kijiji, si kuandikiana na mwenyekiti wa kitongoji kwenye karatasi ya daftari.

Dagaa_Kavu
Mzee kaonja udongo, ripoti ya maabara imetoka 😂

MwanaMalagarasi
Hayo majani yapo, mengi tu. Na karatasi ni ya daftari kweli.

Sawa, niseme. Nimechimba mashimo sita. Udongo mwekundu unaingia mkono mpaka kwenye kiwiko, basi. Chini yake ni jiwe bovu, zambarau inayoelekea kijani, lina vidoa vyeupe kama punje za mchele. Mahali pengine linamegeka kwa mkono, mahali pengine mtaimbo unalia na kutoa cheche. Shamba ni milioni 1.6, nimeshalipa 1.2, tena ni hela ya kikundi ambayo mke wangu anajua iko kwenye sanduku. Na miche 120 ya Hass iko uani, nimeifunika na chandarua. Kwa hiyo msiniambie nisinunue. Niambieni mbolea.

BibiMgebuka
Yesu na Maria.

MpigaNyundo
Mkuu, nimefanya kazi na watu wa miamba miaka kadhaa, hilo jiwe umelieleza kuliko wengi waliolisomea. Huko kwenu kuna lava za kale, zinaitwa lava za Gagwe, umri wake takribani miaka milioni 800. Siapi kuwa lako ni hizo mpaka nilishike. Lakini hivyo vidoa vyeupe, lava ilipokuwa ya moto vilikuwa mapovu ya hewa. Ikapoa, baadaye maji ya moto yakapita ndani yakayajaza madini, na mwamba wenyewe ukageuka. Ule ukijani ndo dalili.

Mwenyeji wako hajakudanganya, ni volkano kweli. Ila Rungwe ni majivu ya juzi juzi kwa hesabu ya miamba, mazito, mizizi inashuka itakavyo. Ya kwako ni volkano iliyokwisha ladha. Kalsiamu, magnesiamu na potasiamu zimeshaoshwa na mvua, kimebaki chuma, kinachoupa wekundu, na alumini.

Sururu_Butu
Na hiyo alumini ndo adui. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi inaanza kuyeyuka, inaunguza ncha za mizizi. Otesha mharage mmoja hapo, kisha ung'oe uone: mizizi mifupi, minene, kama vidole vilivyokatwa kucha kupita kiasi. Fosforasi unayomwaga inanaswa na chuma na alumini kabla mmea haujaionja. Hapo ndo watu wanasema mbolea ni feki.

Dawa ni chokaa ya kilimo, ichanganywe na udongo miezi kadhaa kabla ya kupanda, pamoja na samadi ya kutosha. Kiasi gani, hakuna wa kukuambia bila kipimo. Chota udongo sehemu kama kumi, changanya, kausha kivulini, peleka maabara: chuo kikuu cha kilimo SUA Morogoro au kituo cha utafiti wa kilimo TARI Mlingano kule Tanga. Na usimwage chokaa siku moja na mbolea ya urea au SA (salfeti ya amonia), naitrojeni nyingi inapaa.

MwanaMalagarasi
Basi si imekwisha? Naweka chokaa. Kuhusu jiwe, nimekwisha ongea na vijana, tunachimba mashimo mita moja kwa sururu, tunajaza udongo wa bondeni. Hesabu nimepiga, inawezekana.

MpigaNyundo
Shimo kwenye mwamba ni ndoo mkuu. Masika maji yanaingia, hayana pa kutokea. Parachichi hufa kwa mizizi kuoza kabla haijafa kwa njaa. Mwaka wa kwanza na wa pili itakuchekea. Mizizi ikigusa ukuta wa ndoo, majani yanasinyaa kuanzia juu.

MwanaMalagarasi
Kuna sehemu chini kidogo udongo unafika kiunoni. Kama robo ekari.

Sururu_Butu
Sasa unasema. Hapo panda, tena juu ya tuta. Kwingine mihogo na mananasi kama jirani, usimzidi akili.

ChaiBilaMajani
Wakuu mnapigwa, hii ni chai. Wiki mbili zilizopita kulikuwa na uzi hapa wa miche ya Hass "bora, inayozaa mapema, tunaleta mpaka Kigoma". Sasa anatokea mtu ana miche 120 na mkasa wa kutia huruma. Mke gani haoni miche 120 uani? Anaona chandarua tu, hajiulizi kina malaria gani?

Dagaa_Kavu
😂😂 Miche imelala kwenye neti kuliko mimi.

MzeeKijiti
Hata mimi nilishangaa jiwe kuelezwa vizuri hivyo.

MwanaMalagarasi
Mke yuko Kakonko, anamuuguza mama yake. Anarudi Ijumaa. Hiyo miche ya kwenye uzi ule ndiyo hii, mimi ndiye niliyenunua, kwa mkopo, mia moja na ishirini kwa elfu nne. Kumi na tano imeshaanza kukauka kingo za majani, viriba vimepasuka, kila asubuhi nakuta kuku wa jirani wamefukua. Mtunga hadithi angeweka kuku?

ChaiBilaMajani
Mtunga mzuri angeweka.

BibiMgebuka
Muacheni. Mwanangu, mwambie mkeo kabla hajaingia uani. Mpigie leo akiwa bado mbali, hasira zimalizikie kwenye basi.

MwanaMalagarasi
Nimepiga mama, simu haipatikani. Na aliyeniuzia shamba anataka laki nne yake Jumamosi.

MzeeKijiti
Usimpe hata shilingi. Mpeleke kwanza kijijini, ukamwambie unataka ile robo ekari ya chini tu kwa hela uliyokwisha toa, na kidogo irudi. Akikataa, mwombe achimbe yeye mbele ya wazee.

Dagaa_Kavu
Mkuu, nje ya mada kidogo. Nina kashamba bondeni njia ya Uvinza, udongo mtaimbo unazama wote. Hiyo miche iliyobaki mizima unaachia ngapi?

ChaiBilaMajani
Nilisema mimi.

MwanaMalagarasi
Elfu tatu na mia tano. Chandarua nabaki nacho.