Nikifika ofisini nimeshaishiwa maneno. Wenzangu mnasalimia vipi?

Karani wa Kayole

Hamjambo nyote. Nina miaka 34, niko idara ya hesabu katika kampuni moja kule Upper Hill, Nairobi, na mwaka jana mwanasaikolojia aliniandikia rasmi kwamba nina usonji (autism). Tafadhali tusianze na lile la "lakini mbona unaongea vizuri". Swali langu ni la asubuhi tu.

Natoka Kayole. Matatu zinazotangulia kupakia alfajiri ni zile manyanga za vijana: taa za buluu ndani, skrini nyuma ya dereva, spika chini ya viti, muziki unakuingia kupitia mgongoni kabla haujafika masikioni. Huo peke yake ningeuvumilia. Lakini ongeza marashi ya jirani, ongeza kioo cha dirisha kinachotetemeka nje ya mdundo, ongeza makanga anayepiga bodi kiganja kila steji, Donholm, Makadara, City Stadium, nami sijui atapiga saa ngapi. Halafu tukifika Muthurwa anaamua tu: "Mwisho hapa, mbele kumefungana." Nauli nimelipa ya tao. Abiria wananung'unika, wanashuka, wameshasahau. Mimi safari yangu niliipanga kichwani tangu usiku, hatua kwa hatua, na sasa lazima niipange upya nikiwa katikati ya mikokoteni na mama wa mitumba anayenivuta shati.

Nikifika kazini sina hasira wala huzuni. Sina maneno. Najua yapo, ila hayashuki mdomoni. Na hapo ndipo salamu zinaponingoja. Mlinzi langoni. Dada wa mapokezi, ambaye huacha kuchapa na kunitazama mpaka nimjibu, vidole vikiwa bado juu ya kibodi. Mama wa chai. Kisha idara nzima, meza kwa meza, mkono kwa mkono, maana huwezi kumsalimia huyu ukamruka yule. Wala si salamu moja: umeamkaje, nyumbani je, watoto, jam ya leo ilikuwaje. Mimi hutikisa kichwa, napita, nakaa, nawasha kompyuta.

Ikifika saa nne niko sawa kabisa, hata mzaha natia. Hilo ndilo linaloniharibia zaidi, kwa sababu wanaona naweza, basi wanaamua kwamba asubuhi huwa sitaki. Kwenye tathmini ya kazi ya juzi hesabu zangu zilisifiwa, lakini penye "uhusiano na wenzake" msimamizi akaandika nina madharau. Jikoni nasikia naitwa Bosi Mdogo.

Kuhama Kayole siwezi, kodi za kule juu nazijua. Kwa hivyo nibadilishe safari, nibadilishe salamu, au nimwambie msimamizi?

Mama Wawili

Pole sana. Mimi si usonji, ni ADHD, ile hali ya akili kutotulia mahali pamoja, lakini matatu zilinishinda pia. Kilichoniokoa ni treni ya Syokimau. Stesheni ile ilifunguliwa 2012 na mimi nikachelewa miaka mingi kuijaribu kwa ubishi tu. Treni haina "mwisho hapa". Ikisema inafika Railways, stesheni ya pale tao, inafika Railways. Kwako wewe kuna stesheni ya Makadara, angalia kama saa zake zinakufaa.

Salamu je, nani kasema lazima zilipwe saa mbili asubuhi? Ukishapata nguvu saa nne, chukua kikombe chako, zunguka wewe mwenyewe. Msalimie kila mtu na umuulize na watoto. Mtu anayekuja mezani kwako kwa hiari yake hawezi kuitwa mwenye madharau.

Nyundo77

Kaka, bila kukukosea heshima, kila mtu Nairobi anachoshwa na matatu. Mimi pia nikishuka Muthurwa sitaki kuongea na mtu. Sasa sote tuna usonji? Salamu haina gharama. Sema "habari" upite.

Mwalimu wa Kitengo

Nyundo77, swali lako ni la haki, na wazazi huniuliza hilohilo kila muhula. Nafundisha kitengo cha watoto wenye usonji katika shule ya umma, kwa hivyo naongea kutokana na ninayoyaona.

Kelele mnaisikia nyote. Tofauti iko katika kinachofuata. Ukikaa kwenye matatu dakika kadhaa, ubongo wako unaizoea sauti na kuisukuma nyuma, unaanza kuwaza mambo ya mkopo na chakula cha jioni. Kwa wengi wenye usonji kule kuzoea hakuji, au kunakuja kwa shida: sauti ya dakika ya arobaini ni kali kama ya dakika ya kwanza. Haya si maneno ya kujitetea. Mwongozo wa Marekani wa utambuzi, DSM-5 wa 2013, unataja kabisa wepesi au uzito wa kuhisi sauti, mwanga, harufu na mguso miongoni mwa dalili za usonji. Nina mtoto darasani anayesikia taa za mirija zikivuma. Mimi nilidhani anazua, mpaka siku stima ilipopotea akashusha mabega.

Hata "sema habari upite" si rahisi unavyoona. Akisema habari, ataulizwa habari za nyumbani.

Karani, kuna mtafiti Mwingereza, Damian Milton, naye mwenyewe ana usonji, ambaye mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili: wewe huwasomi vizuri wao, na wao hawakusomi wewe. Dada wa mapokezi anaona kimya, anakitafsiri kwa kamusi yake. Usijibebeshe mzigo wote.

Jambo dogo la vitendo: vile vizibo vya sifongo vya masikio vinauzwa kwenye duka la dawa, bei nafuu, na havionekani. Hedifoni kubwa ni nzuri zaidi, lakini ukikaa nazo dirishani Jogoo Road zitaenda na mtu.

Niliyesema

Kuhusu kumwambia msimamizi, sikia yaliyonipata. Mimi nilisema. Nilifikiri nikieleza nitaeleweka. Wiki hiyohiyo wakaanza kuongea nami polepole kama mgeni asiyejua Kiswahili, na mmoja akanialika maombi ya mchana niombewe. Alikuwa na nia njema, na nilienda, na palikuwa na kipaza sauti.

Kazi sikupoteza. Ila ningekuwa wewe ningeomba kitu kwanza, jina la hali libaki nyuma. "Naomba nianze kazi saa moja na nusu, nitoke mapema" ni ombi ambalo msimamizi analielewa bila somo. Meza ya pembeni, vilevile. Wakikataa, au tathmini ikianza kugusa mshahara wako, hapo toa karatasi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza kubaguliwa kwa sababu ya ulemavu, na tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mpya ya 2025. Lakini uwe umejiandikisha na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, maana barua ya mwanasaikolojia pekee watu wa rasilimali watu huiangalia kama cheti cha kliniki ya mtaani. Utahitaji kupimwa hospitali ya serikali, foleni yenyewe nayo ina kelele zake, nenda na mtu.

Karani wa Kayole

Asanteni. Treni ya Makadara niliijaribu zamani. Sauti ni nafuu, lakini ule msongamano wa mlangoni, kila upande una kiwiko cha mtu, kwangu mguso ni mbaya kuliko muziki. Vizibo nitanunua leo.

Mwalimu, hilo la kutafsiriwa limenigusa mahali. Nimelelewa na nyanya huko Makueni. Kumtazama mkubwa machoni ulikuwa utovu wa adabu, kwa hivyo mimi kijijini nilikuwa mtoto mwenye heshima kuliko wote, nyanya alinitolea mfano. Nimekuja Nairobi, kwenye usaili mmoja nikaambiwa sitazami watu machoni, huenda naficha kitu. Macho ni yaleyale.

Nikumbushe pia 2020, wakati wa korona, tulipokatazwa kupeana mikono. Watu walilia sana. Mimi nilikuwa naweka kiganja kifuani, nainama kidogo, napita, na hakuna aliyeniita mtu wa madharau kwa sababu kila mtu alifanya hivyo. Sijui kwa nini niliacha. Kuanzia kesho nairudisha, kiganja kifuani, bila neno, kuanzia kwa mlinzi. Halafu saa nne nazunguka na kikombe kama alivyosema Mama Wawili. Kwa dada wa mapokezi nitaanza, yeye ndiye mgumu.

Msimamizi simwambii bado. Naomba kwanza saa moja na nusu. Niliyesema, pole kwa kipaza sauti, nimecheka peke yangu hapa.

Mama Wawili

Kwa dada wa mapokezi usiende mikono mitupu, chukua mandazi.

Nyundo77

Haya, mwalimu nimekusoma. Taa kuvuma sikuwahi kusikia, nimezima zangu hapa nikasikiliza, sijapata kitu.

Karani, mimi niliendesha njia hiyo miaka, wacha nikupe ya maana. Manyanga hutangulia kwa sababu ya vijana, lakini nyuma yao huwa kuna zile ndogo za abiria kumi na nne, madereva wazee, redio ni taarifa ya habari na sauti iko chini. Hazina mvuto, kwa hivyo hujaa polepole, toka nyumbani mapema kidogo. Omba kiti cha mbele kando ya dereva. Nauli mpe makanga kabla hamjaondoka, kamili, usingoje chenji, ndiyo asikuguse bega njiani. Na mwambie dereva, si makanga, kwamba unashukia Railways. Mzee akishakujua sura, hatakutupa Muthurwa.