Siku za baharini katika safari ndefu ya kuzunguka dunia: mtu huzitumiaje?

Msafiri wa Makorora

Assalaam aleikum, na habari za siku nyingi, ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeishi Leicester kwa miaka 31, na mwaka jana nilistaafu kazi ya uuguzi. Kwa akiba tuliyoiweka kidogo kidogo, mimi na mdogo wangu tumelipia nafasi katika meli ya abiria itakayoondoka Southampton mwanzoni mwa Januari na kurejea bandari ileile baada ya siku 112. Meli itavuka Atlantiki hadi Florida, ipite mfereji wa Panama, ipande hadi San Francisco, kisha Honolulu, Samoa, New Zealand na Sydney, halafu irudi kwa njia ya Colombo, Mauritius, Cape Town na Walvis Bay.

Tulipolipa, macho yetu yalikuwa kwenye bandari. Juzi nilikaa na ratiba na kalamu nikahesabu siku ambazo meli haitatia nanga popote, nikapata 61. Zaidi ya nusu ya safari yetu ni maji matupu. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi wa ngalawa, kwa hiyo bahari siiogopi, lakini kwetu mtu aliingia baharini kwa kazi na akatoka kazi ilipokwisha. Nami tangu ujana nimeishi kwa zamu za hospitali, na ninajijua kwamba siku isiyo na shughuli hunishusha moyo kabla jua halijatua.

Naomba waliowahi kusafiri hivi waniambie kwa kina jinsi walivyoziishi siku hizo hata wakazifurahia. Kadhalika Ramadhani itatukuta Pasifiki, nasi tunatamani kufunga ijapokuwa msafiri ana ruhusa ya kula. Mwenye uzoefu wa jambo hilo pia asininyime.

Mzee wa Kilindini

Waaleikum salaam, dada yangu, na hongera kwa kustaafu salama. Nilikuwa karani wa mizigo bandarini Mombasa kwa zaidi ya miaka 30, nikizitazama meli zikiingia na kutoka, na miaka michache iliyopita watoto walinilipia mimi na mama yao safari ya siku 117 iliyofuata njia inayokaribia sana hiyo yako. Hofu uliyonayo ndiyo niliyokuwa nayo, na kwa wiki mbili za mwanzo ilikuwa na haki yake, kwa sababu niliianza safari vibaya.

Kosa langu lilikuwa kuifuata karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani kila jioni. Asubuhi mhadhara, kisha mazoezi ya viungo, kisha mafunzo ya densi, kisha mchezo wa karata, kisha filamu, na usiku onyesho la muziki. Nilikimbia kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine kana kwamba ninadaiwa, na tulipofika Florida nilikuwa nimechoka, wala sikuweza kukueleza rangi ya Atlantiki ilikuwaje. Nilikuwa nimeivuka bahari yote hiyo ndani ya vyumba visivyo na madirisha.

Baada ya Panama nilibadili mwendo. Nilinunua daftari gumu na atlasi ya shule, na kila siku saa sita mchana, nahodha alipotangaza mahali tulipo, nilikaa na penseli. Niliandika latitudo, longitudo, umbali tuliokwenda tangu jana, kina cha maji, upepo unatoka wapi, na mstari mmoja tu juu ya kile nilichokiona kwa macho yangu. Kisha niliweka nukta kwenye ramani. Nukta mbili za mwanzo hazisemi kitu, lakini kufikia ya kumi mstari unaanza kuonekana, na ukurasa wa buluu unageuka kuwa mahali ulipopita wewe mwenyewe. Meli kama hizo mara nyingi huenda mwendo wa noti 18 hivi, yaani maili 18 za baharini kwa saa, ambao ni takribani kilomita 33 kwa saa, yaani maili 432 za baharini kwa siku. Kutoka San Francisco hadi Honolulu kuna karibu maili 2,100 za baharini, nawe utaelewa kwa vidole vyako mwenyewe kwa nini ratiba imeweka pale siku kama tano.

Daftari lile ndilo lililonifundisha kutazama. Ukitoka San Francisco utakuta maji ya kijivu na baridi ya kuvaa sweta. Kwetu ilikuwa siku ya pili au ya tatu upepo ulipogeuka ukawa unatoka kaskazini mashariki, nyuma yetu, joto likaongezeka na maji yakawa ya buluu iliyokolea. Nilisimama shetri, yaani nyuma ya meli, nikaujua upepo ule kabla sijaambiwa jina lake, maana ulivuma kwa utulivu na bila kuchoka, vilevile kama kaskazi inavyovuma kwetu Mombasa mwezi wa Januari. Tofauti ni kwamba kaskazi yetu inapofika Aprili huipisha kusi, ilhali ule wa Pasifiki huvuma upande huohuo karibu mwaka mzima. Kuanzia hapo nilianza kuwaona samaki panzi wakiruka kutoka ubavuni mwa meli, na nilikuwa ninajua nisimame wapi nisipigwe na jua la alasiri.

Kwa hiyo chagua mahali pako pamoja kwenye sitaha ya wazi, uende hapo saa ileile kila siku. Mimi nilichukua kiti cha upande wa kushoto baada ya Alfajiri, kabla watu hawajaamka. Mtu anayeitazama bahari kwa dakika tano huona maji tu, lakini anayekaa saa nzima huona mawimbi ya aina mbili au tatu yakipishana, yale mafupi yanayoletwa na upepo wa leo na yale marefu yanayotoka kwenye dhoruba iliyovuma mbali sana siku kadhaa zilizopita. Kusini ya New Zealand na jirani ya Cape Town utawaona ndege waitwao albatrosi. Aliye mkubwa kuliko wote ana mabawa yenye upana unaozidi mita 3, naye hufuata meli kwa saa nyingi bila kupiga bawa. Usiku, mkishavuka ikweta, muombe mtu awaonyeshe nyota za Msalaba wa Kusini. Abiria wengi wa Ulaya hawajapata kuziona maishani mwao, na sisi watu wa pwani tumekua nazo.

Kuhusu saa, wewe unakwenda magharibi, na hiyo ni neema. Usiku fulani utatangaziwa kurudisha saa nyuma, kwa hiyo utapata siku nyingi zenye saa 25. Jumla yake kwa dunia nzima ni saa 24, nazo huchukuliwa zote kwa mkupuo mmoja mnapovuka mstari wa tarehe, ule wa kwenye ramani unaopita Pasifiki na kutenganisha siku moja na nyingine, ambapo mtalala Jumanne mkaamke Alhamisi. Samoa penyewe pana historia ya jambo hili, kwani mwishoni mwa mwaka 2011 nchi hiyo iliamua kuhamia upande wa pili wa mstari, na kwa wakazi wake tarehe 30 Desemba mwaka huo haikuwapo kabisa. Wenzao wa Samoa ya Marekani, walio jirani kabisa, wako nyuma yao kwa siku nzima.

Mke wangu hakujali ramani. Yeye alijiunga na kwaya ya abiria, iliyofanya mazoezi siku za baharini tu, na kwa sababu hiyo alizingoja siku hizo kwa hamu kuliko bandari. Waliimba mbele ya meli nzima tulipokaribia kurudi. Ninalitaja kwa sababu umesema siku tupu hukushusha moyo. Usizijaze kwa mambo kumi. Chukua jambo moja linaloendelea kesho na keshokutwa, ambalo usipolihudhuria mtu atauliza uko wapi.

Baharia wa zamani

Shikamoo mama, shikamoo mzee. Nilifanya kazi ya kuhudumia meza katika meli za abiria kwa mikataba minne, kila mmoja wa miezi minane au tisa, na ningependa kuongeza yale yanayoonekana kutoka upande wetu.

Abiria huwa wanatuambia kwamba siku ya baharini ni siku yetu ya kupumzika, kumbe ndiyo siku nzito kuliko zote, kwa sababu watu wote wamo melini na wote wanakula humo mara tatu. Kwa hiyo, mama, siku hizo epuka ukumbi wa kujipakulia kati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Nenda kwenye ukumbi wa kuhudumiwa mezani, ukubali kukaa na watu usiowajua. Katika safari ndefu urafiki mwingi niliouona ulianzia kwenye meza hizo za asubuhi. Nguo zako zifue siku ya bandari, wenzako wanaposhuka, maana siku ya baharini foleni ya mashine za kufulia huwa ndefu na watu hugombana.

Kuhusu kulewa bahari, mambo mengi huamuliwa na chumba. Meli huyumba zaidi kwenye omo (mbele ya meli), kwenye shetri na sitaha za juu, na hutulia zaidi katikati na chini. Kama bado unaweza kubadilishiwa chumba, badilisha sasa. Wewe ni muuguzi na unajua kuwa dawa humezwa kabla kichefuchefu hakijaanza. Nitakachoongeza ni kwamba usijifungie chumbani. Toka nje, utazame upeo wa macho, ule kitu kikavu na tangawizi. Vilevile unawe mikono kwa maji na sabuni, kwa sababu ile dawa ya kupaka iliyowekwa milangoni haiviui vizuri virusi vya kuhara ambavyo ndivyo husumbua meli.

Nina ombi moja. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 umeweka mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa kila saa 24, lakini anayekuhudumia huenda akawa amefanya kazi miezi sita bila siku nzima ya mapumziko. Mjue jina lake na muulize habari za kwao. Nilipokuwa mbali na watoto wangu, abiria aliyeniuliza habari zao katikati ya Pasifiki nilimkumbuka mwaka mzima.

Binti Malindi

Dada Msafiri, mimi nilifunga Ramadhani nzima melini, na sehemu kubwa ya mwezi tulikuwa kati ya Honolulu na Tahiti. Siku ya kwanza tu nenda kwa mkuu wa ukumbi wa chakula umweleze. Mimi nilikuwa naletewa daku chumbani saa kumi usiku bila kukosa, na tende nilibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Magharibi ya baharini haina mlima wala jengo la kuificha. Nilifuturu kwa kuliona jua likizama kwa macho yangu.

Jua pia kwamba meli ikielekea magharibi, jua hukuchelewea. Kati ya San Francisco na Honolulu kila saumu yangu ilirefuka kwa takribani robo saa, kwa sababu tangu alfajiri hadi magharibi tulikuwa tunalifuata. Kibla nilikitafuta kwenye runinga ya chumbani inayoonyesha meli imeelekea wapi, kisha nikahesabu kutoka hapo, na kwa kuwa baharini meli hushika mwelekeo mmoja kwa siku nyingi, msala hauhitaji kugeuzwa mara kwa mara. Katika visiwa vya Tuamotu, si mbali na kisiwa cha Tematangi, ndipo palipo upande wa pili kabisa wa dunia kutoka Makka, ambapo kila upande utakaouelekea unakupeleka Makka kwa umbali uleule. Hatukupita hapo hasa, ila nilipolijua jambo hilo nilikaa juu ya msala muda mrefu nisiweze kuinuka.

Suala la mstari wa tarehe, na jinsi ya kuhesabu mwezi unaporukwa na siku, muulize shehe wako kabla hujaondoka. Mimi nilimuuliza wangu mapema, nikasafiri na moyo mtulivu.

Msafiri wa Makorora

Nimewasoma wote mara mbili, na mdogo wangu nimemsomea kwa simu. Leo asubuhi nimepiga simu, na chumba tumebadilishiwa, tumetoka sitaha ya tisa karibu na omo tukashushwa ya tano, katikati. Kwaya mdogo wangu ameshaichukua, maana ana sauti tangu madrasa. Nawe Baharia, marahaba mwanangu, ombi lako tumelipokea sote wawili.

Mzee wangu, mimi ni mtu wa daftari, nimeandika ripoti za wagonjwa maisha yangu yote, kwa hiyo umenigusa penyewe. Swali langu ni moja. Nahodha asipotangaza, au nikiwa sala ya Adhuhuri saa hiyo, nitapata wapi namba za siku?

Mzee wa Kilindini

Dada, kwetu namba zilibandikwa pia kwenye ubao jirani na dawati la mapokezi, na zilikaa hapo hadi jioni. Ile runinga aliyoitaja Binti Malindi nayo huonyesha latitudo na longitudo saa yoyote, lakini jizoeze kuandika za saa sita tu, la sivyo umbali wa siku hautakuwa sahihi. Siku mtakayorudisha saa nyuma, kumbuka kwamba kati ya saa sita na saa sita zimepita saa 25, ugawe kwa hizo unapotafuta mwendo. Nunua atlasi yenye Pasifiki nzima kwenye ukurasa mmoja, maana yangu iliikata katikati, nami nilipofika mstari wa tarehe ilinibidi nigundishe karatasi mbili kwa gundi ya mapokezi.

Nukta ya kwanza iweke Southampton kabla meli haijafungua kamba.