Naombeni ushauri: kutengeneza ndani ya mashua ya mbao iwe ya kulala familia

Raskazone_77

Wakuu habari za majukumu. Nina mashua ya mbao, urefu mita 10 hivi na upana pale katikati inakaribia mita 3, ilikuwa ya mizigo, sasa nataka iwe ya familia. Mimi, mke wangu na watoto wawili tuweze kutoka hapa Tanga wikiendi tukashinda kisiwa cha Maziwe, usiku tukalala mtoni Pangani, na likizo bahari ikitulia tuvuke mpaka Pemba bila kutafuta gesti.

Mwili wa chombo uko vizuri, fundi kashapiga kalafati upya (kuziba viungo vya mbao kwa nyuzi), mashine ya dizeli ipo nyuma na inafanya kazi. Ndani ndo kutupu kabisa, mataruma yote (zile mbavu za chombo) yanaonekana na harufu ya samaki bado ipo. Mimi sio seremala wa kazi ila nina msumeno wa umeme, drili, randa na uwanja wa kutosha nyumbani, nataka vitu vingi nivitengenezee uwanjani halafu nikavifunge chomboni. Nilichowaza ni kufunika kuta zote na plaiwudi ya milimita 18 toka chini mpaka juu ili ipendeze, sakafu nipigilie mbao, vitanda viwili, jiko la gesi, makabati na taa za sola. Dukani wameniambia plaiwudi ya marine ipo, ile nyeusi. Kutoka sakafuni mpaka chini ya sitaha ni mita 1 na senti 30. Kabla sijanunua kitu naombeni mnaojua mniambie naanzia wapi na kipi nisifanye kabisa.

Makorora_Dekor

Hongera mkuu, wazo zuri sana. Kwangu mimi usihangaike na plaiwudi, weka zile PVC za siling nyeupe, nyuma yake jaza foam ya kupuliza joto lisiingie, ukitaka kusafisha unapitisha kitambaa tu. Nimefunga hivyo kwenye basi bovu lililogeuzwa mgahawa, mpaka leo liko safi.

Jibondo_Msumeno

Kaka wa Makorora kwa heshima zote hapo nakupinga, tena nakupinga kwa sababu nimeona vyombo vizuri vikioza kwa namna hiyo hiyo. Basi ni bati, mashua ni mbao, na mbao inataka hewa kila upande.

Mkuu Raskazone, watu wengi wanaogopa maji chumvi, kumbe anayeua chombo cha mbao kutokea ndani ni maji baridi, haya ya mvua. Ule ukungu unaoozesha mbao haupendi chumvi, ndo maana wazee walikuwa wanamwagia sitaha maji ya bahari asubuhi na jioni, mbao inavimba viungo vinajifunga na haiozi. Sasa wewe ukiziba kuta kwa PVC au plaiwudi toka chini mpaka juu, masika ikija maji yanapenya kwenye sitaha tone tone yanakwenda kukaa nyuma ya pambo lako, huko hakuna jua wala upepo, na wewe huoni. Unakuja kushtuka taruma inamegeka kwa mkono. Foam ya kupuliza ndo usiiguse kabisa, inang'ang'ania kwenye ubao na kwenye taruma, siku chombo kinavuja fundi anatafuta tundu hapaoni, na kurudia kalafati kutokea ndani haiwezekani tena. Na ukisikia mtu anakwambia upige faiba kwa ndani jibu ni hilo hilo.

Fanya hivi. Chukua vipande vya mbao vyembamba upana wa inchi 2, vilaze vikifuata urefu wa chombo, uvifunge juu ya mataruma, na kati ya kipande na kipande acha nafasi ya kidole. Chini kabisa acha wazi, juu kabisa chini ya sitaha acha wazi, hewa ipande. Weka pale tu watu wanapoegemea na wanapolala, kwingine mataruma yaonekane, na mimi nakwambia mashua inayoonyesha mbavu zake ndani inapendeza kuliko kuta nyeupe za PVC. Skrubu zote ziingie kwenye taruma, hata moja isiguse ubao wa mwili, pima urefu wake kabla ya kukaza. Chombo cha mbao kikiwa kwenye mawimbi kinacheza, kwa hiyo makabati na vitanda visibanwe kwenye mwili kama vya ukutani nyumbani, vifungwe kwenye taruma na viachwe nafasi kidogo pembeni la sivyo vitalia usiku kucha halafu vipasuke.

Sakafu usipigilie msumari hata mmoja. Iwe vipande unavyoinua kwa kidole, maana kila asubuhi unatakiwa uone ngama, pale chini kabisa maji yanapojikusanya, ujue maji yameingia kiasi gani leo kuliko jana. Zile njia ndogo chini ya mataruma zinazopeleka maji kwenye ngama zisizibwe na kitu, na ukikata mbao mule ndani zoa vumbi lote lile siku ile ile, vumbi la msumeno likichanganyika na nyuzi za kalafati linaziba pampu siku unayoihitaji.

Sasa hiyo marine nyeusi. Hiyo ni ya mafundi wa nyumba, ya kumwagia zege la slabu. Ngozi yake ya juu inakataa maji kweli ila ukishaikata, ukingo unakunywa maji na kuvimba. Plaiwudi ya boti yenyewe ina muhuri wa BS 1088, kile kiwango cha Uingereza, gundi haiachii na katikati haina matundu. Muuzaji akikuapia, omba kipande, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa halafu kiache kikauke, tabaka zikiachia mrudishie. Vyovyote utakavyonunua, kingo zote na kila tundu la skrubu zipakwe epoksi kabla ya kufunga. Kwa mbao za miguu ya kitanda na fremu uko mahali pazuri, Muheza kuna shamba la miti ya mitiki la Longuza, tafuta mitiki iliyokauka vizuri, haina ugomvi na unyevu.

Skrubu zile nyeusi za jipsamu usilete chomboni, zitashika kutu mapema sana. Tafuta stenlesi ya 316.

Halafu harufu: hiyo mbao imenyweshwa sifa, yale mafuta ya papa, miaka yote, ukipaka rangi ya kung'aa au epoksi juu yake haishiki, itabanduka kama maganda. Sugua kwa sabuni na maji ya bahari, fungua kila kitu, acha upepo ufanye kazi, rangi waachie samani mpya.

Nahodha_Kusi

Jibondo kasema kweli tupu. Mimi nagusa uzito maana naona hakuna aliyeutaja na hapa tunazungumzia watoto.

Ndugu yangu, mashua ya mizigo imeundwa ikae vizuri ikiwa na mzigo. Ukiiondolea mzigo ukaweka vitanda na makabati juu, inaelea juu mno na inayumba vibaya. Lazima uwe na farumi chini, yaani uzito wa kukituliza chombo. Weka mawe au mchanga kwenye viroba imara, karibu na mkuku (ule uti wa mgongo wa chombo chini), katikati ya chombo, vifungwe visitembee na viwe vya kutoka siku ya ukaguzi. Kuna watu wanamwaga zege kwenye ngama wakidhani wamemaliza kazi, hao wamezika mkuku wao, maji yanakaa chini ya zege na huwezi tena kuyaona wala kuyafikia.

Plaiwudi ya milimita 18 shiti moja ile ya futi 8 kwa 4 inakaribia kilo 30, ukiweka kumi tayari umepakia watu wanne wazima, tena wamekaa ubavuni na juu. Kwa makabati milimita 9 inatosha ukiwa na fremu nzuri, vitanda 12. Vitu vizito vyote chini: betri, vyakula vya makopo, maji. Lita 200 za maji ni kilo 200, kwa hiyo usinunue tenki moja kubwa, maji yakibaki nusu yanakimbilia upande chombo kinapolala na kuzidi kukilaza. Chukua madumu ya lita 20, yapange kulia na kushoto sawa sawa chini ya vitanda na yafunge.

Ukishamaliza kuweka, kabla hujaenda popote, nenda kwenye maji matulivu na watu wazima wachache, simameni wote upande mmoja kisha mwingine muone kinalala kiasi gani na kinarudi vipi. Na kama karatasi zake zinasema mizigo, waone TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) wakikague upya, umebadilisha matumizi. Makoti ya kuokolea yawe ya saizi ya watoto kweli, la mtu mzima linamvuka mtoto kichwani.

FyuziMoja

Umeme na gesi nitasema mimi, ndo kazi yangu.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Nyumbani ikivuja inatoka chini ya mlango, chomboni haina mlango wa chini, inashuka kwenye ngama inakaa pale kimya ikisubiri cheche ya pampu. Kwa hiyo mtungi usikae ndani hata kama ni ule mdogo wa kilo 6. Weka nyuma juu ya sitaha kwenye kasha lenye tundu chini linalomwaga nje ya chombo, na ukimaliza kupika funga kwenye mtungi sio kwenye jiko tu. Mimi ningekushauri jiko lote liwe juu, sanduku la mchanga na jiko la mkaa kama mabaharia wetu walivyopika siku zote, ila mkaa usiingizwe ndani watu wamelala hata kama mvua inanyesha, moshi wake usioonekana unaua.

Umeme wa volti 12 unatosha. Taa nne za LED za wati 3 ni ampea 1 tu zikiwaka zote, masaa matano umetumia 5 Ah (ampea-saa). Ongeza simu na pampu, betri ya 100 Ah na paneli ya wati 100 inakutosha kabisa. Friji acha, kwa joto letu friji dogo linakula 30 mpaka 50 Ah kwa siku, nunua kasha zuri na barafu pale wanapouziwa wavuvi. Fyuzi kubwa iwe karibu na betri, isizidi shibiri moja, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya usiungue. Waya uwe wa nyuzi nyingi zilizopakwa bati, ule wa nyumbani wa uzi mmoja mgumu unakatika kwa mtikisiko na kuota kijani ndani ya mpira. Pitisha waya juu chini ya sitaha, usipitishe sakafuni. Pampu ya ngama ipate waya wake na fyuzi yake moja kwa moja toka kwenye betri, ili ukizima swichi kuu na kwenda nyumbani yenyewe iendelee kulinda chombo. Na betri ifungwe mkanda.

Raskazone_77

Wakuu sina la kusema, ahsanteni mno. PVC nimefuta, plaiwudi ya 18 nimefuta, jiko linakwenda juu. Sasa Jibondo nisaidie moja, nataka kutengenezea nyumbani lakini mashua imepinda kila mahali, napimaje? Jana nimepanda na pima maji kila nikiweka inaniambia kitu tofauti.

Jibondo_Msumeno

Pima maji iache nyumbani kaka, chombo kimelala mchangani kimeinamia upande, hiyo itapima ufukwe. Kamba ndo kipimo chako. Vuta kamba katikati toka hanamu (ule mti wa mbele kabisa) mpaka nyuma ikiwa sawasawa juu ya mkuku, kila kitu unapima kutokea kwenye kamba hiyo, kulia na kushoto. Kwa upande wa kulala kama sakafu, tumia alama ya maji nje, pale chombo kinapokaa kikielea, ihamishie ndani.

Kwa mapindo chukua boksi la katoni, lile gumu la friji. Likate kwa kukadiria, lisimamishe pale ubao utakapokaa, kisha chukua bikari umbali mmoja usiobadilika, mguu mmoja utembee juu ya mwili wa chombo na mwingine uchore kwenye katoni. Kata kwa mstari huo, rudisha, rekebisha mpaka likae. Andika juu yake omo (mbele ya chombo) iko wapi na upande gani, maana kulia na kushoto kwenye mashua ya mkono havifanani hata siku moja, kila upande una kiolezo chake. Ukiwa navyo vyote, uwanjani nyumbani unakata kwa raha. Kumbuka kupima mlango wa sitaha kabla ya kuunganisha kitanda, kiingie vipande vipande kikaungwe ndani.

Kitanda kisizidi senti 35 pamoja na godoro, hapo unabaki na 95 juu, mtu mzima anakaa bila kugonga kichwa.

Shela_Pwani

Salamu kutoka Lamu. Ndugu, kabla hamjamaliza pesa kwenye vyumba vya chini, kaskazi ikipiga jua lile hakuna atakayelala ndani, sisi huku wageni na wenyewe wote hulala juu, godoro juu ya sitaha na turubai limevutwa juu ya foromali, ule mti unaobeba tanga. Chini weka mahali pa kukimbilia mvua, pa watoto kulala mchana, na pa kuhifadhi. Tundu moja kubwa lenye mfuniko lifungue kule omo na jingine nyuma, chombo kikiwa nangani chenyewe hugeukia upepo, ukifungua la mbele upepo unapita mpaka nyuma bila feni. Na rafu zote ziwe na kizuizi cha senti 4 au 5 mbele, sahani zote zitaanguka wimbi la kwanza.

MamaWatatu_Mkoani

Shemeji Raskazone mengi yameshasemwa, mimi nasemea ya mama na watoto maana tunasafiri hivi na baba watoto. Usipoweka choo mkeo atakwenda mara moja tu. Kile choo cha kubebeka cha matangi mawili kinatosha, kijengee pembe yake nyuma karibu na feuli (stoo ya nyuma ya chombo), iwe na pazia zito, upana wa mtu kuvaa nguo, na karibu na hewa. Magodoro chukua sponji ngumu ya inchi 4, ikate kwa violezo hivyo hivyo vya katoni, ishonee foronya zenye zipu za kitambaa kisichoshika maji, na chini ya godoro ziwe chaga zenye nafasi, sio ubao mzima, la sivyo asubuhi unakuta chini kumelowa jasho na baada ya muda ukungu mweusi. Kitanda cha watoto weka upande wa katikati ya chombo maana kule omo kunarusha sana, na kiwe na ubao wa pembeni wa kuchomoa wa senti 25 wasianguke usiku. Mto wa kila mtoto uwe na kifuko cha tochi na filimbi.