Naomba ushauri: malalo (makaburi) ya zamani yamemezwa na majani, upande wa Kipushi

Jambo ndugu zangu, wakubwa shikamoo. Niko Lubumbashi, natafuta mizizi ya familia. Babu yake baba aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mugodi wakati wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabeleji, na wazee wanasema alizikwa upande wa Kipushi.

Jumamosi nilienda. Ni majani mpaka kifuani, kichuguu kimeinua kaburi moja, na mtu amelima mihogo katikati. Misalaba ni ya simenti, majina yaliandikwa kwa kidole ikiwa bado mbichi. Moja sikuweza kuisoma kabisa. Nikaimwagia maji kidogo, nikashika kioo pembeni ili mwanga wa jua upite juu yake kwa upande: herufi zikatokea, K, A, L, halafu 1938. Jina la babu yetu, Kalonji, linaanza na hizo hizo! (Lakini Wakalonji ni wengi, najua.)

Sasa binamu anataka tusugue na brosi ya waya na javel (dawa ya kufanya nguo nyeupe). Mimi nakataa, simenti itakatika na herufi zitaondoka nayo. Nimekosea?

Tena, mwenye mihogo tumuendee vipi? Tuanze kwa chefu wa kijiji, ao kwake moja kwa moja? Na ni nani alishafungua buku za zamani za paruasi (parokia ya kanisa): waliandika vifo, ao ubatizo na ndoa tu?

Nauliza haraka kwa sababu kiangazi watu wanachoma majani, na misalaba ya mbao iko miwili bado imesimama.