Pienza: mji wa kihistoria au ni Papa tu alijijengea kwao?

Msafiri_Mchovu:
Wakuu habari za jioni. Niko Siena, Italia, kimasomo, mwaka wa pili huu, na tangu nifike kila mtu ananiimbia mji mdogo wa Pienza, Pienza, usipofika Pienza hujaiona Toscana, yaani mkoa huu. Basi Jumapili nikapanda basi maana treni haifiki kule, njia nzima ni vilima vya ngano na ile miti mirefu myembamba kama penseli, pazuri sana sikatai, nikashuka nikaingia langoni na nawaambia ukweli wa Mungu dakika arobaini mji nimeumaliza. Barabara kuu moja, uwanja mmoja, kanisa, jumba kubwa pembeni, wakazi wenyewe ni kama 2,000 tu na maduka ya jibini kila hatua tatu, nimerudi nguo zinanuka kondoo.

Sasa nina maswali mawili. La kwanza, hivi UNESCO waliona nini pale mwaka 1996 mpaka wakaupa urithi wa dunia, wakati miji ya vilimani huku imejaa kibao, San Gimignano ina minara, Volterra ina kuta za Waetruski, wale watu wa kale kabla ya Warumi, hii ina nini? La pili, ndani ya kanisa kuu nimeona sakafu imeinama kuelekea altareni na kule nyuma ukuta una nyufa. Mimi sio fundi lakini nilitoka haraka kidogo. Lile kanisa linaanguka au ni macho yangu?

Shangazi_wa_Ramani:
Mdogo wangu, umepita pale kama mtu anayekatiza sebuleni kwa watu bila kusalimia. Kaa chini.

Mpaka mwaka 1459 hakukuwa na kitu kinaitwa Pienza. Kulikuwa na kijiji kinaitwa Corsignano, na hapo mwaka 1405 alizaliwa mtoto anaitwa Enea Silvio Piccolomini. Ukoo wake walikuwa vigogo wa Siena zamani lakini siasa zikawageuka, wakasukumwa nje ya madaraka wakabaki na mashamba kijijini na jina kubwa lisilo na hela. Mama yake alizaa watoto 18, wengi hawakukua. Kijana alishika jembe na baba yake, akifikisha miaka 18 ndo akaenda Siena kusoma, na baada ya hapo huyo bwana alizunguka Ulaya yote, akawa katibu wa maaskofu, akawa mshairi wa mfalme wa Wajerumani, Frederick III, akaandika na hadithi ya mapenzi ambayo baadaye akiwa mtu mzima aliijutia, akazaa watoto nje ya ndoa, yaani kila kitu. Upadre aliupata akiwa na miaka arobaini na kitu. Afu mwaka 1458 huyohuyo ndo Papa Pius II.

Sasa Februari 1459 yuko safarini kwenda Mantua, alikuwa amewaita wafalme wakajadili vita na Waturuki, akapitia kwao Corsignano. Ameandika mwenyewe kwenye kumbukumbu zake kwamba alitegemea kuona watu wa rika lake, akakuta wengi wameshakufa, na waliobaki ni wazee wagonjwa hata nyuso hazitambuliki. Na yeye mwenyewe alikuwa na jongo anabebwa kwenye kiti. Hapo hapo akaamua kujenga, kanisa na jumba, pale pale kijijini, na akamleta msanifu majengo Bernardo Rossellino kutoka Florence.

Kuhusu UNESCO sasa. Zile fikra za wasomi wa wakati ule kuhusu mji unavyotakiwa kupangwa, vipimo, mwanga, uwanja na majengo yanayosemezana, kila mtu alikuwa anaandika na kuchora lakini pale ndo zilishushwa ardhini kwa mara ya kwanza. Huo uwanja uliokatiza sio mstatili, angalia tena. Majengo ya pembeni yanaachana kadiri unavyokaribia kanisa, kwa hiyo ukisimama upande wa ofisi ya manispaa kanisa linaonekana kubwa kuliko lilivyo na uwanja unaonekana mpana, na pande zote mbili za kanisa wameacha upenyo unachungulia bonde lote la Orcia. Kulia ni jumba la Papa, kushoto la askofu, mgongoni kwako manispaa. Dini, ukoo na raia kwenye kiwanja unachovuka kwa nusu dakika. Na lile bonde nalo liliingia UNESCO kivyake 2004.

Fundi_Chokaa:
Shangazi kamaliza historia, mi nijibu swali la nyufa maana ndo kazi yangu hii.

Macho yako ni mazima mkuu. Kanisa linateremka kwa nyuma, na halijaanza leo, lilianza wakati Papa mwenyewe yuko hai. Tatizo ni hili: makanisa ya zamani kawaida altare inakaa mashariki. Pius akataka altare iwe kusini, ili nyuma ya kanisa iangalie bonde na jua liingie siku nzima, alipenda mwanga kupita kiasi, na akataka kanisa kwa ndani liwe na sehemu tatu zenye urefu sawa kwenda juu kama alivyoyaona Austria na Ujerumani, na madirisha makubwa. Wazo zuri kwenye karatasi. Ila upande wa kusini kilima kinaisha! Ina maana nyuma ya kanisa imesimama kwenye mteremko, jiwe la mchanga juu na udongo wa mfinyanzi chini, na huo mfinyanzi ukinywa maji unatembea. Walichimba msingi mrefu wa kutisha na chini ya altare wakaweka kanisa lingine dogo la ubatizo, bado haikusaidia. Ufa ulipotokea Rossellino akamwambia Papa ni chokaa tu iliganda kwa baridi, ilichanganywa wakati wa majira ya baridi. Mafundi ni wale wale miaka yote, jamani, kosa ni la hali ya hewa.

Wamefunga na kuimarisha zaidi ya mara moja na linaangaliwa, hautaangukiwa na paa ukisali. Lakini hiyo sakafu kuinama ni kweli, hata ukiweka mpira utajiendea wenyewe.

Na kuna kisa cha bajeti, hiki kila fundi anatakiwa kukijua. Rossellino alikadiria hela kidogo tu. Zikaenda dukati, zile sarafu za dhahabu, zaidi ya elfu 50. Watu wa Siena waliokuwa wanamwonea wivu wakaenda kumchongea, Mflorensi huyu mwizi, na Papa akamwita mbele yake jamaa anatetemeka. Papa akamwambia umefanya vizuri kutudanganya, ungetuambia ukweli tangu mwanzo tusingekubali kutoa hizo hela na jumba hili na kanisa hili visingesimama. Akampa dukati 100 zawadi na joho jekundu, na kazi nyingine juu. Nina miaka kumi na minne kwenye ujenzi, mteja wa hivyo sijawahi kumpata hata nusu.

Kijiti_cha_Moto:
Mnamsifia sana huyu mzee. Mimi naona ni ubinafsi wa kawaida uliovaa marumaru. Alibomoa nyumba za watu katikati ya kijiji apate nafasi, akabadilisha jina la kijiji chenye karne nyingi kikaitwa jina LAKE, Pienza maana yake mji wa Pius, akatundika nembo ya ukoo wake yenye miezi mwandamo kila ukuta mpaka kwenye kisima cha uwanjani. Halafu akawabana makardinali wake nao wajenge, kina Ammannati, Jouffroy, na Rodrigo Borgia akapewa jengo akalifanya jumba akamwachia askofu, huyo Borgia ndo baadaye akawa Papa Alexander VI mnamjua sifa zake mbaya. Hela za nani hizo? Za Kanisa.

Msafiri_Mchovu:
Hahaha Kijiti umenisemea la moyoni. Ila Shangazi swali, kama alikuwa na nguvu zote hizo na makardinali wanajenga mbona mji umeishia pale pale? Unatoka kwenye uwanja dakika mbili tu uko kwenye vinyumba vya kawaida kabisa.

Shangazi_wa_Ramani:
Kwa sababu alikufa. Jibu fupi ndo hilo.

Kijiti hoja yako ni ya kweli na haifutiki, ila ongezea na hili, waliobomolewa walijengewa, kuna nyumba 12 za safu upande wa kaskazini mpaka leo mtaa unaitwa Case Nuove, nyumba mpya, zina zaidi ya miaka 550 na bado ni mpya. Mdogo wangu hivyo "vinyumba vya kawaida" ulivyoona inawezekana ndo hivyo, na kwangu mimi vina maana kuliko jumba, maana tajiri kujijengea sio habari.

Turudi. Kanisa lilitabarukiwa Agosti 1462, mwezi huohuo kijiji kikapandishwa kuwa mji wenye askofu. Septemba akatoa waraka mkali: mtu yeyote asizike maiti mle ndani zaidi ya sehemu zilizopangwa, asipake rangi wala kuchora kuta, asitundike picha, asiongeze kikanisa wala altare, atakayegusa umbo la jengo amelaaniwa. Ndo maana ukiingia ni peupe vile, hakuna makorokoro ya karne ya 17 na 18 yaliyojaa kwenye makanisa mengine ya Italia. Picha za altareni ni tano tu, na ni zile zile alizoagiza yeye kwa wachoraji wa Siena, Giovanni di Paolo, Vecchietta, Sano di Pietro na Matteo di Giovanni. Walichora kufuata nafasi waliyopewa, na hazijahama.

Agosti 1464 Pius akafia Ancona, mgonjwa taabani, anasubiri meli za vita vyake na Waturuki ambavyo havikuja kutokea. Mwezi mmoja tu baadaye na Rossellino naye akafa. Makardinali wakafunga mabegi. Kwa hiyo ulichokiona dakika arobaini ni kazi ya miaka mitano ya mtu mmoja na fundi wake, imekatika katikati, na baada ya hapo hakuja mtu mwenye hela wala sababu ya kubomoa. Ukoo wake uliendelea kukaa kwenye lile jumba mpaka 1962, afu ndo ikawa makumbusho. Je uliingia bustanini? Ile yenye varanda tatu zimepandana nyuma ya jumba, inaangalia mlima Amiata moja kwa moja?

Msafiri_Mchovu:
Sikuingia. Kiingilio niliona bei nikanunua jibini.

Mchunga_Maneno:
Jibini hujakosea ndugu, usimsikilize mtu. Na jibini lenyewe lina historia yake ambayo watalii hawaambiwi. Lile bonde lote wakulima walikuwa wanalima shamba la tajiri kwa kugawana mavuno nusu kwa nusu, mezzadria wanaita, mamia ya miaka. Baada ya vita vya pili vijana wakakimbilia viwandani na mijini, mashamba yakabaki matupu, nyumba za mawe zinaoza, na mwaka 1964 sheria ikakataza kabisa mikataba mipya ya aina hiyo. Waliokuja kuijaza ile ardhi ni wachungaji kutoka kisiwa cha Sardinia, na kondoo wao, wakanunua mashamba kwa bei ya chee. Kwa hiyo hilo jibini la kondoo la "asili ya Pienza" siku hizi sehemu kubwa ni mikono ya wahamiaji. Watu wa pale walikuwa na jibini lao toka zamani ndiyo, lakini waliolibeba kipindi kile kigumu ni wageni.

Ukirudi Septemba mwanzoni kuna sikukuu ya jibini, mitaa ya mji inashindana uwanjani palepale mbele ya kanisa, wanabiringisha jibini zima chini kwenye mawe lizunguke na kusimama karibu na kijiti cha kusokotea uzi kilichosimamishwa katikati. Wazee wanagombana utadhani ni kombe la dunia.

Kijiti_cha_Moto:
Hilo la Wasardinia sikulijua. Hilo ndo lingetakiwa kuandikwa kwenye kibao cha langoni, sio miezi mwandamo.

Fundi_Chokaa:
Ukirudi mkuu kabla hujapanda mjini teremka chini kidogo nje ya kuta, mwendo wa dakika kumi hivi, kuna kanisa dogo la zamani la Corsignano, lina mnara wa mviringo na mlangoni wamechonga nguva mwenye mikia miwili. Ndani kuna jiwe la ubatizo, ndo alipobatizwa Enea akiwa mtoto wa watu waliofilisika. Limejengwa kama miaka mia tatu kabla ya lile la juu, kwenye kilima hichohicho, na ukuta wake hauna shida.

Msafiri_Mchovu:
Sawa mmenishinda. Jumamosi narudi, safari hii hela ya bustani naitenga kwanza kabla sijapita kwenye duka la jibini. Fundi nitakuja na mpira mdogo kwa ajili ya ile sakafu.

Fundi_Chokaa:
Usiuache ukafika altareni, padri atakutoa nje.